Nani kajenga kona hii?

Ijumaa, katikati ya Julai. Mbinga. Baridi haina adabu.

Shajara, leo nakuandikia nikiwa nimevaa masweta mawili, kitenge kichwani na soksi za kiume. Ukungu ulishuka alfajiri ukakaa juu ya mabati ya karakana, na jua lilipojitokeza mchana lilichungulia tu likaghairi. Miaka yote hii niko Mbinga na mwili wangu bado unaidai Tanga joto lake. Vidole vimekufa ganzi, naandika kama mtoto wa chekechea.

Lakini moyo una joto. Nimelia leo mbele za watu, mie mtu mzima. Acha nieleze kwa mpangilio kabla sijalia tena.

Kwa anayefungua blogu hii kwa mara ya kwanza: naitwa Zuhura, ni mwalimu wa uashi katika chuo kidogo cha ufundi hapa mjini. Nafundisha vijana kujenga. Misingi, kuta, kona, lipu. Watu wakiniona mara ya kwanza, mwanamke mfupi mwenye ushungi kashika pima maji, huuliza fundi yuko wapi. Nawajibu fundi ni mie. Wanacheka, halafu wanazoea.

Sie watu wa Tanga hatuna ugomvi na neno hilo “mie”. Mie nimepika, mie nimejenga, mie ndiye niliyesema. Tunalitumia kutwa na wala halituchoshi. Wiki hii ndiyo nimejua kwamba kuna watu ambao neno hilo linawakwama kooni, na kwamba linaweza kumkosesha mtu kazi.

Mtu mwenyewe ni Editha.

Editha ni mwanafunzi wangu, binti wa Mkumbi, mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana. Alipofika chuoni hakujua hata kushika mwiko. Sasa akisimamisha kona, ukishusha timazi pembeni yake uzi unagusa kila tofali kuanzia juu mpaka chini, na mie husimama pale nikajifanya natafuta kosa ili tu niendelee kuitazama. Sina mtoto wa kike, shajara, wewe unajua. Nampenda binti huyu na wala sifichi. Wenzake wananitania kwamba siku Editha akiolewa nitadai mahari.

Mwanzoni mwa mwezi alinipigia simu msimamizi mmoja wa ujenzi kule Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wanajenga jengo la soko la samaki. Alitaka mwashi mmoja wa kona. Si wa lipu, alisema, si wa kubeba zege, hao anao tele. Wa kona. Na alikuwa na sharti moja, kwamba huyo mtu awe ameshapitishwa na mtathmini. Kazi inaanza Jumatatu hii inayokuja. Nilimjibu papo hapo kwamba ninaye.

Editha alipopata habari hiyo hakuruka wala hakupiga kelele. Alikwenda bombani akaosha mwiko wake, akaukausha kwa upindo wa sketi, akauosha tena. Nikajua amefurahi. Bila kazi hiyo anarudi Mkumbi kuchuma kahawa, na si kwamba kahawa ni mbaya, lakini nimewaona wasichana wangu waliorudi nyumbani “kwa muda tu”. Mwiko wa mmoja wao niliukuta unachotea pumba za kuku.

Sasa hilo la kupitishwa na mtathmini.

Zamani mwanafunzi wetu alisoma mpaka mwisho, halafu akafanya mtihani wa karatasi, maswali yenyewe kwa Kiingereza. Kijana anayejenga ukuta ulionyooka aliweza kuanguka kwa sababu hakuelewa swali. Mwingine alifaulu kwa kukariri, na ukimpa mwiko anaushika kama kijiko cha uji. Tulilalamika mpaka tukachoka. Ndipo ukaja mfumo huu mpya unaotaka umahiri. Mafunzo yamekatwa vipande, na kwa kila kipande anakuja mtathmini kutoka nje ya chuo, anakutazama ukifanya kazi, anakuuliza umefanyaje, kisha anaandika moja kati ya majibu mawili: amemudu, au bado. Hakuna tena kuandikiwa umefeli. Kuna bado. Niliposikia hilo kwenye semina nilipiga makofi peke yangu, ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Na mpaka leo nalipenda. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani naupinga mfumo. Ni mzuri, na umewaokoa vijana wengi ambao karatasi ingewazika. Ila nadhani waliouandika hawakuwahi kumuuliza swali mtu wa Mkumbi.

Jumanne akaja mtathmini. Bwana Masanja, mtu wa kule kwenye ziwa lile jingine, la kaskazini. Mpole, shati limepigwa pasi, lakini buti zake zimeliwa na saruji kwelikweli, nikajua huyu hakusomea kazi hii vitabuni tu. Wanafunzi walijenga wawili wawili nyuma ya karakana, kuta za mazoezi, zile tunazojenga kwa udongo tukabomoa tukajenga tena. Editha alikuwa na Anastazia, rafiki yake wa Kigonsera. Anastazia alikoroga udongo na kubeba tofali, kisha akajaza ukuta wa katikati. Kona alisimamisha Editha, tofali la kwanza mpaka la mwisho. Niliona kwa macho yangu.

Bwana Masanja alipima wima, akapima ulalo, akapima pembe. Uso wake ukachanua. Kisha akauliza swali rahisi kuliko yote.

“Kona hii umeijengaje?”

“Tulianza kupima pembe,” akasema Editha, macho chini. “Tukaweka tofali la kwanza, tukalipima, tukaanza kupanda.”

“Wewe ulifanya nini?”

“Tulisaidiana.”

“Nakuuliza wewe. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako.”

Akajibu kwa sauti ambayo ilinibidi niiinamie: “Tulijenga.”

Aliuliza kwa kila namna, maskini, hata kwa utani. Kila jibu lilirudi na “tu” mbele yake. Mwishowe akainamisha kichwa akaandika.

Bado.

Simlaumu. Mwongozo unamtaka apate ushahidi wa maneno wa kile alichokifanya mwanafunzi mwenyewe, na kuna sababu. Aliniambia aliwahi kukuta mahali fulani kundi zima limepitishwa kwa mikono ya kijana mmoja, na baadaye ukuta wa mmojawapo ukalala chini. Hakuna aliyeumia, lakini tangu hapo hampitishi mtu anayejificha nyuma ya wenzake. Ningekuwa yeye ningeandika hivyohivyo.

Lakini Editha hajifichi! Nilimfuata Bwana Masanja mpaka kwenye gari nikimweleza. Mie nikianza kuomba huwa siachi, mama yangu alishasema nitakuja kumwomba hata Izraili arudi kesho. Bwana Masanja akakubali, nusu kwa huruma, nusu nadhani ili apate kufunga mlango wa gari. Alikuwa na kazi upande wa Nyasa mpaka Alhamisi. Ijumaa, akirudi Songea, atapita tena hapa. Editha atajenga peke yake kabisa, na atajieleza mwenyewe. Akishindwa, basi, mpaka tathmini ijayo.

Tathmini ijayo ni baada ya msimu wa kahawa. Soko la samaki halitamsubiri.

Jumatano nikaamua kumfundisha Editha neno moja. Hebu fikiria, shajara. Nimefundisha watu kumwaga lenta, nimefundisha watu kujenga ngazi, na sasa nimesimama uwanjani namfundisha binti mzima kusema “mimi”. Nilimweka mbele ya kona yake. Sema, mwanangu: mimi nimejenga kona hii. Akafunika mdomo kwa kiganja chenye udongo, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

“Naona aibu, madamu.”

Aibu ya nini? Hakujua. Alisema tu ni kama kuambiwa avue nguo sokoni. Nikaona nimwonyeshe mfano. Nikaweka mkono kifuani, nikapaza sauti: “Mimi, Zuhura, nimejenga kona hii!” Wanafunzi wa umeme wakajaa madirishani. Editha akanitazama kwa upole mkubwa.

“Lakini hukuijenga wewe, madamu.”

“Haya, kaijenga nani?”

“Tumejenga.”

Nilikasirika. Nilimwambia, na nilisema kwa ukali, kwamba duniani huko hakuna anayewangoja watu wa tu-tu-tu, kwamba kazi inapita mbele ya pua yake na yeye anaipungia mkono. Aliokota vifaa vyetu vyote, vyake na vyangu, akaenda kuviosha. Aliporudi akanipa mwiko wangu kwa mikono miwili na kusema, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: “Nikisema mimi, Anastazia aliyenibebea tofali atakuwa nani?”

Nikaenda kunywa chai.

Jana, Alhamisi, nikapanda pikipiki mpaka Mkumbi kwa mama yake. Nia yangu haikuwa nzuri sana. Nilitaka mama amwamuru. Mtoto akiambiwa na mama yake aseme mimi, nilijiambia, atasema.

Nilimkuta shambani, wanawake wamejaa kwenye mibuni kuanzia juu mpaka bondeni. Wanachuma kwa ngokela, ile kazi ya zamu ya huku kwao: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, mwenye shamba anapika. Mama Editha amenizidi umri, nikampa shikamoo yake, akanipokea kwa furaha mpaka nikajisikia vibaya kwa nilichokuja nacho. Nikajifunga kitenge kiunoni nikachuma nao. Nilichuma vibaya. Nilikuwa natia kikapuni mpaka mbichi, na wao wanazitoa kimyakimya wakisemezana Kimatengo na kucheka, nami nacheka bila kujua nacheka nini.

Hatimaye nikamweleza. Mama Editha alisikiliza bila kuacha kuchuma.

“Mwalimu, unataka aseme hivyo mbele za watu?” akauliza. “Wenzake wapo pale, wanasikia?”

“Ndiyo, mama.”

“Mh. Hapa mtu akisema hivyo, hawa wote wataweka vikapu chini waende zao. Na watakuwa na haki.”

Nikaona hapa nimegonga mwamba. Nikabadilisha mazungumzo, kwa kuwa kunyamaza sijui. Nikaisifia kahawa, na sikuwa napamba. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Nikamuuliza kama ameitunza mwenyewe.

“Tumeitunza,” akasema.

Na hapohapo yule mama wa mbuni wa pili, ambaye wala hatukuwa tunazungumza naye, akadakia bila hata kuinua uso: “Kaitunza yeye. Sisi tumekuja leo kuchuma tu. Kupogoa kapogoa yeye, samadi kabeba yeye kwa mgongo wake, mvua ikinyesha tunamwona yumo humu.”

Mama Editha hakukana. Hakukubali. Aliendelea kuchuma kama vile anazungumzwa mtu mwingine. Ila baada ya muda kidogo akanionyesha mlima wa ng'ambo, kwenye ngolo, yale mashimo yanayochimbwa kwa mistari mlimani ili maji ya mvua yasichukue udongo. “Zile pale ni za huyu,” akasema, akimwelekezea kidevu jirani yake. “Kachimba yeye. Hakuna anayezichimba kama yeye huku.” Na sasa ikawa zamu ya jirani kuchuma kimya.

Nilikula ugali wao na maharage, nikaaga, nikapanda pikipiki. Hata sikuelewa nilichokisikia. Kilinijia njiani, baridi inanipiga meno, kwa ghafla mpaka nikampiga dereva begani akadhani nimedondosha mkoba.

Hawafichi chochote, shajara! Kila mtu pale anajua nani kafanya nini, na linasemwa wazi, tena kwa sifa zote. Ila halisemwi na aliyefanya. Linasemwa na aliyesimama karibu naye. Sie tulikuwa na swali sahihi, tukamuuliza mtu ambaye si kazi yake kujibu.

Sikumwambia mtu. Sikumwambia Editha, sikumwambia Anastazia. Ningewaambia ningekuwa nawafundisha majibu, na hapo Bwana Masanja angekuwa na kila sababu ya kutufukuza. Nikakaa na siri yangu, nayo inanichoma kama chai ya moto mdomoni.

Leo basi.

Bwana Masanja alifika baada ya swala ya Ijumaa, ukungu bado umetanda. Akawaambia wanafunzi wengine wakae kando kwenye mbao, asiguse mtu kitu. Editha akaanza peke yake. Akakoroga udongo wake. Akabeba tofali zake mwenyewe, akienda na kurudi. Anastazia alikuwa amekalia viganja vyake, na kila Editha alipoinama kunyanyua tofali yeye alinyanyuka kidogo kwenye ubao, kisha akakumbuka, akakaa. Mie nilisimama nyuma kabisa. Nilisoma kila dua ninayoijua, na nyingine nadhani ni ya safari.

Kona ikapanda. Shajara, sina la kusema kuhusu ile kona. Bwana Masanja alipima, akarudia kupima, mara ya pili nadhani kwa raha zake tu.

Kisha akauliza. “Umeijengaje?”

“Tumeanza na pembe,” akasema Editha.

Nikafumba macho.

Bwana Masanja akashusha kalamu. Hakukasirika, alihuzunika, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Binti, leo ulikuwa peke yako. Sote tumekuona. Hiyo ‘tu’ ni wewe na nani?”

Editha aligusa udongo kati ya tofali mbili. “Kukoroga udongo nilifundishwa na Anastazia,” akasema. “Ndiyo maana umeshika hivi. Hata leo yumo.”

Hapo ndipo mkono wangu ulipopanda juu wenyewe, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nikamwomba Bwana Masanja, tafadhali sana, amuulize aliyekuwa karibu naye. Akasema mwongozo hauna kitu kama hicho. Nikasema najua. Akanitazama. Akautazama ukuta. Nilimwona anawaza, na nitamheshimu kwa hilo mpaka nife, maana angeweza kuandika neno lake lilelile akawahi Songea kabla ya giza.

“Mwongozo unanitaka nipate ushahidi,” akasema hatimaye, kama anajisemea. “Haukusema utoke kinywani mwa nani.” Akageuka. “Wewe. Anastazia. Nani kajenga kona hii?”

“Editha,” akasema Anastazia. Haraka, kama mtu aliyekuwa amebanwa na neno hilo tangu Jumanne.

“Na ile ya Jumanne?”

“Editha. Mimi nilikoroga na kubeba, nikajaza katikati. Tofali mbili niliziweka vibaya akaniambia nizitoe. Alinionyesha kwa uzi zilivyokuwa zimetoka nje.”

Akawauliza na wengine, mmoja mmoja. Editha. Editha. “Kona za kundi letu zote anaangalia Editha kabla hatujamwita madamu,” akaongeza mmoja. Hilo la mwisho hata mie sikulijua. Editha mwenyewe alikuwa ameinamia ndoo, anaosha mwiko ambao ulishakuwa safi.

Bwana Masanja sasa alikuwa amechangamka. Akamgeukia. “Na Anastazia? Yeye anaweza nini?”

Laiti ungekuwepo! Binti yangu asiye na maneno alinyanyuka akaongea kama redio. Kwamba udongo wa Anastazia haujawahi kuwa mwepesi wala mzito. Kwamba anasikia kwa mlio wa koleo kama maji yametosha. Kwamba lipu yake hata nzi akitua anateleza, na kwamba wakati wa tathmini ya lipu aliyemaliza mapema akaenda kumsaidia kusafisha yule aliyechelewa alikuwa Anastazia, na hakusema. Aliyasema yote akimtazama mtathmini usoni, bila “tu” hata moja. Anastazia alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Bwana Masanja akaandika kwa muda mrefu. Akatusomea sehemu moja tu.

Amemudu.

Sikupiga vigelegele, nilijizuia, ofisi ya mkuu wa chuo iko karibu. Wanafunzi ndio waliopiga. Wakati wakipiga, Bwana Masanja akauliza la mwisho, nadhani alitaka tu kujaza nafasi iliyobaki. “Na wewe Editha, kona nani kakufundisha?”

Akainua kichwa.

“Madamu Zuhura. Nilikuja hapa sijui hata kushika mwiko. Kanifundisha yeye, peke yake.”

Peke yake.

Miaka yote hii huku, shajara, mbali na kwetu, hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo kwa sauti. Nimejisemea mwenyewe, naam, kutwa nzima, mie hiki na mie kile, labda kwa sababu hakukuwa na wa kunisemea. Na sasa limesemwa, mbele ya mgeni, mbele ya darasa zima. Nikafungua kinywa kujibu. Mie huyu. Na unajua kilichotoka?

“Hapana, tulisaidiana.”

Bwana Masanja akafunika kalamu yake. “Basi na wewe, madamu,” akasema, “bado.”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye udongo. Mie ndipo nikalia. Editha akaja akasimama karibu yangu, akanifunga vizuri kitenge kilichokuwa kinadondoka, akakaa hapohapo mpaka nikamaliza.

Bwana Masanja aliniambia wakati wa kuondoka kwamba ataandika maoni kuhusu swali hili, kwamba mwanafunzi aulizwe na la mwenzake. Hakuniahidi kama yatasomwa. Nami kuanzia wiki ijayo, kila anayemaliza kazi karakanani kwangu atasimama aeleze alichofanya jirani yake. Tuone. Huenda tutagundua mengi.

Sasa hivi nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi na furaha yangu imeanza kupata kona zake. Namfikiria Editha Jumatatu. Mbamba Bay. Mafundi kutoka kila mkoa, vifua mbele, kila mmoja na mie yake. Jioni msimamizi atapita, atasimama mbele ya kona nzuri kuliko zote na kuuliza nani kajenga. Atatokea mwanamume mmoja mwenye sauti, atasema mimi. Na binti yangu atakuwa ameinamia ndoo, anaosha mwiko, kwa kuwa si kazi yake kujibu, na aliye karibu naye hamjui.

Hilo linanila.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi nampigia yule msimamizi. Nitamwambia mwashi wake wa kona yuko tayari, amepitishwa, ila haji peke yake, nampa na Anastazia. Atasema hakuomba mtu wa lipu. Nitamwambia hata soko la samaki litapigwa lipu siku moja. Atakataa, nitaomba tena, na tayari umeshajua nikianza kuomba inakuwaje. Akichoka akaniuliza nataka nini hasa, kwa nini wawili wakati alitaka mmoja, nitamwambia ukweli: mmoja ajenge, na mwingine awepo wa kusema nani kajenga.